Namna ya Kumtambua Rakuni na Kumweka Mahali Pake Katika Uainishaji wa Wanyama

Rakuni si mnyama wa Afrika. Makazi yake ya asili yanaanzia kusini mwa Kanada, yanapita Marekani na Meksiko na kufika Panama, na kwingineko duniani, kama vile Ujerumani na Japani, anapatikana kwa sababu tu binadamu walimpeleka. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili hukutana naye mara kwa mara: katika video za mitandaoni akipekua mapipa ya taka, na kwa wale wanaoishi Toronto, Minneapolis au Kassel, nyuma ya nyumba zao usiku. Kwa kuwa hatunaye huku kwetu, kila mtu humlinganisha na mnyama anayemfahamu. Mmoja humwita fungo, mwingine nguchiro, wa tatu humwita panya mkubwa, na wapo wanaosisitiza kwamba ni aina ya paka. Wote hao wanatazama manyoya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumkagua rakuni kwa viungo vinavyoonyesha nasaba yake, ili anayetaka kumwainisha aweze kutoa sababu za jibu lake.

Kabla ya yote ieleweke kwamba uainishaji wa kisasa hupanga wanyama kwa ukoo, si kwa kufanana. Rangi na madoa hubadilika kwa urahisi katika vizazi, na wanyama wasio na undugu wa karibu huweza kupata alama zilezile kwa sababu wote hutembea usiku. Meno, mifupa ya fuvu na muundo wa miguu hubadilika polepole zaidi, na kwa sababu hiyo hutunza habari za ukoo kwa muda mrefu. Lakini hata viungo hivyo vimewahi kuwapotosha wataalamu, kama itakavyoonekana kwenye habari za panda, na siku hizi neno la mwisho huwa la vinasaba.

Anza na alama za nje, lakini usiishie hapo

Rakuni aliyekomaa kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 3 hadi 9, ingawa wale wa kaskazini wanaojiandaa kwa baridi huzidi hapo, na urefu wa kiwiliwili chake ni kati ya sentimita 40 na 70 bila mkia. Manyoya yake ni ya kijivu. Usoni ana ukanda mweusi unaofunika macho yote mawili na kushuka mashavuni, na ukanda huo umepakana na manyoya meupe juu na chini, hata weusi wake ukaonekana wazi zaidi. Mstari mwingine wa giza hushuka kutoka kwenye paji la uso hadi puani. Mkia ni mnene, una pete nyeusi zinazopishana na pete zilizopauka, mara nyingi pete tano hadi saba. Akitembea, sehemu ya nyuma ya mwili huinuka kuliko mabega kwa kuwa miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele.

Sasa tazama ni wanyama wangapi wanaoshiriki alama hizo. Mkia wenye pete anao lemuri wa Madagaska, ambaye ni wa oda (kundi kubwa linalojumuisha familia zenye ukoo mmoja) ya nyani na binadamu, anao kanu wa misitu yetu, anao panda mwekundu wa Himalaya, na anao paka wa nyumbani mwenye milia. Uso wenye ukanda mweusi anao fungo wa Afrika, yule ambaye wengine humwita ngawa. Kwa hiyo barakoa peke yake haithibitishi kitu, na mkia peke yake hauthibitishi kitu. Vikipatikana vyote viwili pamoja na mgongo ulioinuka nyuma, juu ya mnyama wa kijivu asiye na madoa mwilini, dhana ya kwamba huyu ni rakuni huwa na nguvu, na kwa mtu anayetazama picha tu hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Aliye na unyayo, fuvu au mnyama mwenyewe anaweza kusogea mbele.

Kagua miguu

Hapa ndipo penye ushahidi mwingi ambao mtu wa kawaida anaweza kuuona kwa macho. Rakuni ana vidole vitano kwa kila mguu, yaani ishirini kwa jumla, na vyote hugusa ardhi. Hukanyaga kwa wayo mzima, tofauti na mbwa na paka ambao hutembea kwa vidole vyao na kuacha kisigino juu. Kucha zake hazirudi ndani. Vidole vya mbele ni virefu, vyembamba na vimeachana, kiasi kwamba alama ya mguu wa mbele kwenye tope laini hufanana na kiganja cha mtoto mdogo. Alama ya mguu wa nyuma ni ndefu zaidi kwa kuwa ina wayo na kisigino. Anapotembea kwa utulivu, alama hizo hujipanga mbilimbili: mguu wa nyuma wa upande mmoja huangukia karibu na alama ya mguu wa mbele wa upande wa pili, hata njia nzima ikawa mfululizo wa jozi, kila jozi ikiwa na alama moja ndefu na moja fupi. Mbwa haachi njia ya namna hiyo, wala paka.

Pamoja na ustadi wote wa mikono hiyo, rakuni hana kidole gumba kinachoweza kukabiliana na vidole vingine. Hashiki kama nyani ashikavyo. Akitaka kubeba kitu kwa uthabiti hukibana kati ya viganja viwili. Anachozidi nacho ni hisi ya kugusa, kwani eneo la ubongo wake linalopokea habari kutoka mikononi ni kubwa isivyo kawaida, na ngozi ya viganja huwa nyepesi zaidi kuhisi inapolowana. Ile tabia maarufu ya kuchovya chakula majini, ambayo watu huisimulia kama usafi, imeonekana hasa kwa rakuni waliofungiwa. Aliye huru mtoni hupapasa chini ya maji akitafuta kamba, vyura na konokono, na aliyefungiwa hurudia mwendo huohuo juu ya chakula chochote anachopewa. Tabia hiyo inavutia kuitazama, lakini isitumike kumwainisha.

Jambo jingine la miguu ni kwamba rakuni huweza kugeuza nyayo za nyuma zikaelekea kinyumenyume, na hivyo kushuka mtini kichwa kikitangulia. Mbwa hawezi kabisa, na paka wengi wa nyumbani hushuka kinyumenyume kwa shida.

Kwa wakazi wa Amerika Kaskazini, mnyama wa kuchunga wakati wa kusoma nyayo ni oposamu, kwa sababu naye ana vidole vitano na alama za mbele zinazokaribiana na za rakuni. Angalia mguu wa nyuma: oposamu ana kidole gumba kisicho na ukucha ambacho hujitenga na vingine na kuelekea pembeni, hata nyuma. Tofauti hiyo ndogo ya tope inawatenga wanyama walio mbali mno, maana oposamu ni wa kundi la kangaruu, wale wanaolea vichanga mfukoni, na ana meno 50.

Hesabu meno, kisha yaangalie umbo

Ukipata fuvu, dai la kwamba rakuni ni panya huisha mara moja. Panya hana chonge. Ana meno ya mbele yanayoendelea kukua, kisha pengo tupu, kisha magego. Rakuni ana chonge nne zilizo wazi na meno 40 kwa jumla, ishirini juu na ishirini chini: kila upande wa kila taya kuna meno matatu ya mbele, chonge moja, magego madogo manne na magego makubwa mawili. Mbwa ana 42, kwa kuwa taya lake la chini lina gego moja la ziada kila upande, na paka ana 30 tu.

Hata hivyo, hesabu ina mipaka yake, kwa sababu fungo naye ana meno 40 katika mpangilio uleule. Ndiyo maana umbo ni muhimu. Wanyama wa oda ya Carnivora, yaani walanyama, hutambulishwa na jozi maalumu kila upande, gego dogo la mwisho la juu na gego kubwa la kwanza la chini, ambazo kwa paka na mbwa hupitana na kukata nyama. Kwa rakuni jozi hiyo ipo lakini makali yake yamepungua. Magego yake ni mapana, yenye vinundu vya kusagia, kama inavyomfaa mnyama alaye matunda, mahindi, mayai, wadudu, samaki na masalia ya jikoni. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa anakula mahindi amekuwa nje ya oda ya walanyama. Oda ni ukoo, na panda mkubwa anayekula mianzi takriban pekee yumo ndani yake vilevile.

Fungua sikio

Oda ya Carnivora imegawanyika katika nusuoda mbili: Feliformia, upande wa paka, na Caniformia, upande wa mbwa. Njia ya kawaida ya kuzitenganisha kwa fuvu ni kutazama kifuko cha mfupa kinachofunika sikio la kati, ambacho huonekana kama uvimbe chini ya fuvu, nyuma ya taya. Kwa upande wa paka, kifuko hicho hugawanywa ndani na ukuta wa mfupa kuwa vyumba viwili. Kwa upande wa mbwa, ukuta huo haupo au haukamiliki. Rakuni ni wa upande wa mbwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu karibu wanyama wote tunaomfananisha naye wako upande wa pili. Fungo, kanu, nguchiro na hata fisi ni Feliformia. Matawi hayo mawili yalitengana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, na kufanana kwa fungo na rakuni usoni kumetokea baadaye, kila mmoja kwa njia yake. Asiye na fuvu anaweza kufikia jibu hilohilo kwa alama nyingine: fungo ana madoa na mabaka mwilini, ana nywele ndefu mgongoni anazozisimamisha akiogopa, hutembea kwa vidole, na ana tezi chini ya mkia inayotoa zabadi, ile iliyokuwa bidhaa ya watengeneza manukato. Rakuni hana hata kimoja kati ya hivyo.

Basi nani wa kwetu aliye karibu naye? Jibu huwashangaza wengi: nyegere, kicheche na fisi maji. Familia ya rakuni, iitwayo Procyonidae, imo katika familia ya juu ya Musteloidea pamoja na familia tatu nyingine, yaani Mustelidae, ambamo wamo nyegere, kicheche wetu na fisi maji; Mephitidae, ya wale wanyama, wengi wao wa mabara ya Amerika, wanaorusha majimaji yenye harufu kali; na Ailuridae, ambayo leo imebaki na panda mwekundu peke yake. Nyegere aliyevamia mzinga kule Tabora ana undugu wa karibu zaidi na rakuni wa New York kuliko alio nao na nguchiro anayekaa kichuguu cha jirani.

Jinsi alivyofikishwa hapo

Mswidi Carl Linnaeus alikuwa na rakuni wake mwenyewe huko Uppsala, aliyeitwa Sjupp, zawadi kutoka kwa mrithi wa kiti cha ufalme. Sjupp alipouawa na mbwa, Linnaeus alimpasua na kuandika maelezo ya viungo vyake. Katika orodha kuu ya wanyama aliyoichapisha mwaka 1758 alimweka katika jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) ya dubu kwa jina la Ursus lotor. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga, kwani dubu naye hukanyaga kwa wayo mzima, ana vidole vitano na hula kila kitu. Mwaka 1780 Mjerumani Gottlieb Storr alimtenga na dubu na kumpa jenasi yake, Procyon, na tangu hapo jina rasmi la rakuni wa kawaida ni Procyon lotor.

Ndani ya familia yake wamo koati wenye pua ndefu inayochezacheza, ambao majike yao hutembea kwa makundi mchana, kinkaju, ambaye mkia wake hushika matawi na ambaye mtu wa kwetu angeapa kwamba ni komba, olingo, na wale wembamba wa jenasi ya Bassariscus wenye mikia mirefu ya pete. Wote ni wa mabara ya Amerika. Familia hiyo bado haijamaliza kutushangaza, kwani mwaka 2013 wanasayansi walitangaza spishi mpya ya olingo kutoka misitu ya milimani ya Kolombia na Ekwado, Bassaricyon neblina, ambayo vielelezo vyake vilikuwa vimekaa makumbusho kwa miaka mingi chini ya jina lisilo lake.

Wawili wanaopotosha zaidi

Panda mwekundu alipoelezwa kisayansi na Frédéric Cuvier mwaka 1825, kufanana kwake na rakuni kulionekana mara moja: mkia wa pete, alama za uso, ukubwa unaokaribiana. Panda mkubwa alipojulikana Ulaya mwaka 1869 alidhaniwa kuwa dubu, lakini mwaka uliofuata mifupa na meno yake yalimfanya Alphonse Milne-Edwards amsogeze upande wa panda mwekundu, na hivyo kwa zaidi ya karne moja wapo waliowahesabu panda wote wawili katika familia ya rakuni. Vipimo vya molekuli vya miaka ya 1980 ndivyo vilivyomrudisha panda mkubwa kwa dubu, na panda mwekundu akapewa familia yake. Kumtenganisha panda mwekundu na rakuni kwa macho si kazi ngumu: ana rangi ya kutu mgongoni, tumbo na miguu myeusi, nyayo zilizofunikwa manyoya, na mfupa wa kifundo uliorefuka ukawa kama kidole gumba cha kushikia mianzi.

Mbwa-rakuni ni mgumu zaidi, na huyu ndiye anayemsumbua mtu aliyeko Ujerumani, ambako wanyama wote wawili wameletwa na binadamu na sasa wanaishi porini. Rakuni waliachiwa makusudi karibu na ziwa la Edersee, jimbo la Hesse, mwaka 1934, na wengine walitoroka shamba la manyoya karibu na Berlin mwaka 1945. Mbwa-rakuni, Nyctereutes procyonoides, ni mbwa halisi wa Asia Mashariki aliyesambazwa magharibi na Wasovieti kwa ajili ya manyoya. Usoni wanakaribiana sana, kwa hiyo achana na uso, tazama mkia: mkia wa mbwa-rakuni hauna pete. Kisha tazama nyayo, ambazo kwake zinaonyesha vidole vinne vifupi na kucha, kama za mbwa yeyote. Fuvu likipatikana, hesabu meno. Kwa kawaida yatakuwa 42.

Amua spishi

Ukishaifikia jenasi ya Procyon, kazi iliyobaki ni ndogo, kwa sababu spishi zinazokubalika leo ni tatu. Zamani zilikuwa nyingi zaidi, kwani rakuni wa Bahama, Guadeloupe na Barbados walihesabiwa kila mmoja kama spishi, mpaka uchunguzi wa vinasaba na mafuvu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipoonyesha kwamba ni rakuni wa kawaida waliopelekwa visiwani na watu.

Procyon lotor ndiye wa Amerika Kaskazini na ya Kati, na ndiye utakayemwona Ulaya na Japani. Procyon cancrivorus, mla kaa, anaishi Amerika Kusini na kupanda hadi Panama na Kosta Rika. Manyoya yake ni mafupi, miguu yake ni ya giza, magego yake ni makubwa zaidi kwa kuvunjia magamba, na nywele za shingoni zimelala kuelekea mbele badala ya nyuma, alama ambayo huonekana hata kwenye ngozi kavu. Procyon pygmaeus anapatikana kisiwa cha Cozumel huko Meksiko pekee, ni mdogo wa kilo 3 au 4, ana mkanda mweusi kooni na mkia wenye rangi ya dhahabu, na yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Mahali penyewe huwa ushahidi wa kutosha mara nyingi, isipokuwa Kosta Rika na Panama ambako spishi mbili hukutana, na huko shingo ndiyo ya kutazamwa. Usimkamate mnyama ili kuitazama. Rakuni hubeba kichaa cha mbwa, na kinyesi chake, ambacho hukirundika sehemu moja anayoirudia, huweza kuwa na mayai ya mnyoo Baylisascaris procyonis ambaye mabuu wake huingia kwenye ubongo wa binadamu. Nyayo na picha zinatosha, na fuvu lililookotwa lishikwe kwa glavu.

Unapoandika kumbukumbu, fuata ngazi kuanzia juu: himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Mammalia, oda Carnivora, nusuoda Caniformia, familia Procyonidae, jenasi Procyon, kisha spishi. Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa na la spishi kwa herufi ndogo, yote kwa mwandiko wa mlazo. Kando yake andika mahali, tarehe, kipimo cha unyayo na alama uliyoitumia kuamua. Alama ya shingo isipoonekana vizuri, kama inavyotokea kwa picha nyingi za usiku zinazotoka Panama, ishia kwenye jenasi na uandike Procyon sp., yaani spishi haijatambuliwa.